Mpaka Mahindi ya Mwakani

Mama yangu aliingia makao ya wazee akiwa na shuka mbili, kibuyu, chungu kidogo na mawe matatu ya jiko. Mawe ndiyo yaliyonitia aibu. Dereva wa lori alituuliza kama huko tuendako hakuna mawe, abiria wakacheka, nami nikacheka nao. Siku hizo nilikuwa mtu wa kucheka na kila mtu ili safari iishe.

Nilikuwa mtandika vitanda katika hoteli moja ya watalii, juu kule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, wageni wamepungua, lakini vitanda vilitandikwa vilevile, viwe na mtu visiwe na mtu. Nilikaa bweni la wafanyakazi, wanaume wanne chumba kimoja, ukungu ukiingia kwa chini ya mlango. Mke wangu na watoto watano walikuwa Karatu, kwenye vyumba viwili vya kupanga. Mama alibaki kijijini kwetu Kansay na mdogo wangu, kitinda mimba. Kwetu Wairaqw nyumba ya wazazi humwangukia mtoto wa mwisho, na wazazi wenyewe wamo ndani ya urithi huo. Mimi kifungua mimba nilijua hilo tangu utotoni, na nilijipanga kimaisha kwa kulitegemea. Sikuwa na mpango mwingine.

Mdogo wangu akafa. Homa ya siku nne, wakati wa masika, barabara haipitiki. Alikuwa bado hajaoa. Nilifika tumeshachelewa wote, mimi na dawa.

Hapa inabidi nieleze jambo la kwetu, kwa sababu yote yaliyofuata yametoka humo. Zamani mtu akifiwa na mtoto, au na mwenza, alitengwa kwa muda. Tuliita metimani. Hakushikana mkono na mtu, hakuazima moto kwa jirani wala kutoa wake, hakuvuka kijito, hakugusa ng'ombe wa wengine, alipika na kula peke yake. Haikuwa adhabu. Kifo kilikuwa kimemgusa, na yeye alikuwa anakizuia kisivuke kwenda kwa watu. Kila ukoo ulikuwa na namna yake ya kuhesabu muda huo. Ukiisha, ananyolewa, anaoga, analetewa moto, anarudi kwa watu akiwa mtu kamili.

Mama alitaka hivyo. Jioni ya mazishi aliniomba nimjengee kibanda pembeni ya shamba. Mimi nilikuwa nimebatizwa, nimevaa viatu vya hoteli, najua kusema "karibu tena" kwa lugha nne. Nikamwambia, "Mama, hayo yamepitwa na wakati." Basi watu wa kanisani wakaja, wakaimba, wakamshika mikono, wakanywa chai yake. Niliona alivyokuwa akivuta mkono wake kila ulipoguswa. Mwezi uliofuata ng'ombe wa jirani akatupa mimba, na mama akakaa siku mbili bila kula, anasema ni yeye, amewapaka watu kifo kwa sababu mwanawe alimnyima kibanda. Nikamwambia ng'ombe hutupa mimba kila mwaka. Akasema, "Wewe unajua ng'ombe tangu lini?"

Kumwacha peke yake kule haikuwezekana. Kumleta Karatu nilisema haiwezekani, na nilikuwa na sababu nyingi sana, nilizipanga mbele ya mke wangu, mbele ya padri, mbele ya mtu yeyote aliyekubali kukaa kitako akanisikiliza. Vyumba viwili. Watoto watano. Sukari ya kupanga foleni. Mke wangu alisema tungeweza kumlaza na wasichana. Nilimfokea. Nasema leo bila kuzunguka: nilimwogopa mama yangu. Niliogopa kukaa chumba kimoja na macho yale yaliyokuwa yakinitazama na kumwona aliyebaki, si aliyetakiwa kubaki.

Masista walikuwa na nyumba ya wazee upande wa pili wa Karatu, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka barabara kuu. Safu mbili za vyumba, uwanja katikati, mfereji wa maji unaopita kati ya vyumba na kanisa, ng'ombe wawili wa maziwa. Ilikuwa ya wazee wasio na mtu. Sista mkuu alinitazama, mwanamume mzima mwenye kazi, akauliza, "Na wewe ni nani yake?" Nilijibu kwa hotuba ndefu. Fomu ilikuwa na mstari wa ndugu wa karibu. Niliandika jina langu kwa herufi ndogo kadiri kalamu ilivyoruhusu.

Nilirudi Kansay kumchukua. Nilimkuta amekaa jikoni anasaga ugoro. Nikamwambia anakwenda kukaa mahali.

"Peke yangu?"

"Wapo wengine. Lakini kila mtu na kitanda chake."

"Mpaka lini?"

Sikuwa nimejiandaa na swali hilo. Nilikuwa nimeinama nafunga mzigo, lori linapita saa sita, na mlangoni naona mahindi ya mwaka huo yameshavunwa, mabua yamesimama makavu. Nikasema kitu cha kwanza kilichonijia mdomoni.

"Mpaka mahindi ya mwakani."

Aliacha kusaga. Kisha akaweka jiwe la kusagia chini na kunitazama kwa namna ambayo hakunitazama tangu nilipokuwa mtoto wa kuchunga mbuzi. "Kumbe umekumbuka," akasema. Akainuka mwenyewe, akaufunika moto kwa majivu na samadi kavu kama alivyofanya maisha yake yote, akayang'oa mawe yale matatu ya chungu kidogo. Sikumuuliza nimekumbuka nini. Nilifurahi tu kwamba hakulia.

Wiki tano baadaye Sista mkuu alinitumia ujumbe kwa dereva wa hoteli nifike haraka. Nilidhani amekufa. Nilimkuta mzima, ngozi imerudi kung'aa, amekaa nyuma ya kamba za kuanikia nguo mbele ya mawe yake, chungu kinachemka. Mwenye shida alikuwa Sista.

"Baba, mama yako ana ugomvi gani na watu?" aliniuliza. "Hamshiki mtu mkono. Chakula chetu hali, anaomba unga anapika mwenyewe. Moto wa jikoni kwetu hautaki, anapekecha vijiti vyake. Kanisani haendi, ukimwambia avuke mfereji anakaa chini. Na yule yeyo amenuna, nimeshindwa kuwapatanisha."

Yeyo ndivyo tulivyomwita bibi wa Kimasai aliyekuwa kitanda cha jirani na mama, mtu wa Malambo, mrefu, masikio yamejaa shanga, hana meno lakini ana amri. Kila asubuhi alikuwa akimnyoshea mama mkono, na kila asubuhi mama alificha wake ndani ya shuka. Lugha hawakuwa nayo ya kuelezana. Kiswahili cha mama kilikuwa maneno ya mnadani, cha yeyo maneno machache kuliko hayo. Kwa Mmasai, mkono kukataliwa na mwanamke wa rika lako ni tusi lisilohitaji tafsiri.

Nilielewa hapohapo. Kwanza nilicheka, mpaka Sista akakunja uso. Halafu kicheko kikanikauka. Mama yangu hakujua kwamba yuko makao ya wazee. Alijua yuko metimani. Alidhani mwanawe, baada ya kumnyima kibanda, ametubu na kumtafutia nyumba nzuri ya kutengwa, pamoja na watu wengine waliofiwa, kila mtu na kitanda chake, kwa mwaka mmoja barabara, mahindi kwa mahindi, kama ukoo wetu ulivyohesabu.

Palikuwa na mzee mmoja tu aliyemwelewa, Mwiraqw wa upande wa Mbulu, mnung'unikaji hodari, siku nzima anateta juu ya maharage. Huyo alikuwa akija mpaka ng'ambo ya mfereji, anasimama hukohuko, anamwamkia kwa mbali bila kumkaribia. Hakuna aliyemfundisha pa kusimama. Niliwaona wakizungumza hivyo, maji katikati, kuhusu mvua.

Ningemwambia siku ile. Jua lilikuwa juu, mama ametulia, Sista ananisubiri. Badala yake nikamwambia Sista ni mila ya msiba, itaisha yenyewe, mwacheni. Hilo lilikuwa kweli nusu, na nusu ya ukweli ni chombo kizuri cha kuwekea uongo. Nikaenda kumuaga mama. Nilimwachia vipande vya sabuni ya hoteli, vile vidogo ambavyo wageni huviacha vimelowa. Sabuni dukani ilikuwa hadithi. Alivifunga kwenye kitambaa. "Hizi za siku ile," akasema. Kisha akanipa kazi. "Siku hiyo uje na moto wa nyumbani. Usipitie kwa mtu. Utoe jikoni kwangu, unifikishie."

"Sawa, Mama."

Moto wa nyumbani. Mimi nilikuwa nimeshamwachia jirani shamba alime, na nyumba alaze ndama. Aliniomba, nikakubali upesi, nikaona ni afadhali kuliko kuoza. Nilipopita Kansay mwezi uliofuata niliona ameshabomoa ukuta wa upande wa jiko apate mlango mpana wa mifugo. Sikuingia. Nilisimama njiani nikasikia ndama wanalia ndani, nikaondoka.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nilikuwa mtu wa kuamka mara tatu kuangalia kama mlango umefungwa. Kazini nilitandika vitanda vilivyokwisha kutandikwa. Msimamizi alinikuta nikikung'uta mto huohuo kwa mara ya pili akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikisimama dirishani, chini kule kreta imelala na ziwa lake, watalii wakipiga picha na kusema wangependa wabaki hapa milele. Nilitamani niwaambie wakae basi, mimi niondoke.

Lakini adui yangu hasa alikuwa mahindi. Kila niliposhuka Karatu niliyaona yanapanda kando ya barabara, kwanza kidole, kisha goti, kisha kiuno. Wakulima wakimshukuru Mungu kwa mvua, mimi naomba ukame, na nilikuwa na watoto watano wa kulisha. Nikifika kwa mama swali lake lilikuwa moja. "Mahindi yamefika wapi?" Yeye hakuweza kuyaona, alijikataza kutoka. Nikimwambia yako kiunoni alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mara moja nilidanganya, nikasema yako magotini. Yule mzee wa maharage akapaza sauti kutoka ng'ambo, "Magotini kwa nani? Kwa twiga?" Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na ilinichoma kuliko kama angelia.

Mke wangu aliniambia, "Kamwambie." Nikasema nitamwambia. Akasema, "Kila siku inayopita unaiweka juu ya mgongo wake." Nikaenda nje kurekebisha paa lisilovuja.

Mahindi yakabeba, yakakauka, yakavunwa. Sista akanitumia ujumbe kwamba mama anasema muda umefika. Niliomba ruhusa ya siku mbili. Safari ya kutoka hotelini mpaka Karatu niliitumia kutunga uongo mwingine: ukoo umekaa, wameongeza miezi mitatu. Ulikuwa uongo mzuri, wenye wazee ndani yake. Ila moto ulinishinda. Kwenda Kansay kutafuta moto kwenye zizi la ndama ilikuwa upuuzi. Asubuhi ile nikachota makaa mawili kwenye jiko la mke wangu, nikayafunika majivu ndani ya kopo la maziwa ya unga, nikatoboa kifuniko. Mke wangu alinitazama mpaka nilipomaliza. 

Nilikwenda kwa miguu. Kopo lilikuwa na joto mkononi, nikawa nalihamisha mkono huu na huu saa nzima.

Nilimkuta uwanjani kwenye kigoda. Amenyolewa. Kichwa kinang'aa, kidogo sana, sikuwa nimejua kama kichwa cha mama ni kidogo vile. Aliyemnyoa alikuwa yeyo. Mzee wa maharage ndiye aliyemweleza kijana mpya wa jikoni aliyejua Kimaa, na mkalimani huyo akamweleza yeyo, kwamba yule mwanamke hakumdharau hata siku moja, alikuwa anamkinga. Sista aliniambia yeyo alipoelewa aliomba wembe. Alimnyoa bila kumgusa kwa kiganja, kwa ncha za vidole tu na wembe, kwa sababu moto ulikuwa bado haujafika. Mama ameoga, ananukia sabuni ya watalii. Mzigo wake umefungwa, mawe matatu yako juu yake. Na wazee wote wametoka kukaa kwenye vizingiti, wanamsubiri mtu mmoja, mimi.

Nikamwekea kopo chini mbele yake. Hotuba yangu ya miezi mitatu ilikuwa tayari mdomoni. Mama akafungua kifuniko, akachukua kijiti, akaondoa majivu taratibu. Akainama akanusa. Akaligeuza kaa moja, akaligonga kwa kijiti, likalia kwa sauti nyembamba.

"Huu ni mkaa wa gunia," akasema.

Nikaokota kifuniko cha kopo.

"Moto wangu hulala kwenye samadi. Hauna harufu hii." Hakuwa amekasirika bado, alikuwa anauliza. "Jiko langu lina nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilitazama yale mawe, na uongo wote niliokuwa nimeubeba kutoka ukingoni ukanitoka.

"Ndama, Mama."

"Ndama wa nani?"

"Wa jirani. Nyumba nimempa. Ukuta wa jiko haupo." Na kwa kuwa nilikuwa nimeanza, sikuweza kusimama. "Hapa si metimani. Hapa ni mahali pa wazee. Niliposema mahindi ya mwakani nilisema tu. Hakuna siku ya kurudi."

Alikaa na kijiti mkononi. Yeyo aliuliza kitu kwa Kimaa. Kaa lile lilizima mbele yetu, nikaliona linavyogeuka jivu upande mmoja. Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige na kile kijiti.

Mzee wa maharage alikuwa ng'ambo ya mfereji. Aligeuka akaenda jikoni kwa mwendo wake wa kuburuta, akarudi na kijinga cha kuni, moshi unamwingia machoni, akavuka mfereji. Kwa mwaka mzima hakuwahi kuuvuka kumjia mama. Akakiweka mbele yake. Akasema kwa lugha yetu, "Moto wenyewe ni huu. Maharage yao mabaya, lakini kuni wanazo."

Mama akakitazama muda mrefu. Kisha akafungua mzigo, akapanga mawe matatu palepale uwanjani, akakichukua kijinga kile kwa mikono miwili. Akapuliza mpaka ukashika. Alipoinuka alimwendea yeyo kwanza, akamnyoshea mkono, na yeyo akaushika akaushikilia, anautikisa, anaongea mfululizo, deni la asubuhi zote zile akilimaliza kwa mara moja. Akamshika mkono mzee. Akamshika Sista, na mpishi, na mkalimani, na wazee wa vizingitini mmojammoja, hata bibi mmoja aliyekuwa haoni akamfuata kitandani. Alipita uwanja mzima. Mimi nilisimama mwisho wa mstari, mkono nimeshautanguliza.

Alipofika kwangu aliingiza mkono wake ndani ya shuka.

"Mama," nikasema.

"Wewe ndiye uliyeko metimani," akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiliko. "Usiwapake watu."

Sikumwelewa vizuri mpaka nilipokuja mara iliyofuata. Alikuwa anakula chungu kimoja na yeyo, wanagombana kwa maneno ya lugha tatu. Alikuwa anavuka mfereji kwenda kanisani, si kwa kusali hasa, kwa kuona nguo za watu. Alikuwa anakamua ng'ombe wa masista na kuwafundisha masista kukamua. Alikuwa mkazi wa pale kweli kweli, mwenye kiti chake na maoni yake. Nikakaribishwa chai. Wote walinywea vikombe vya kawaida vinavyozunguka. Mimi nililetewa kikombe cha bati chenye pengo, kutoka dirishani kilipokuwa kimewekwa peke yake. Nilipomaliza hakuna aliyekipokea. Mama alinionyesha kwa kidevu pa kukirudisha.

Nilikwenda kila mwezi, miaka sita. Nilimpelekea sabuni, alizipokea nikishaziweka chini. Nilimpelekea wajukuu, aliwashika vichwa, akawashika mikono, akawalisha kwa kijiko chake. Mke wangu alikumbatiwa. Aliniuliza habari zangu na kunijibu za kwake, alinicheka nilipoota mvi, hakuninunia hata siku moja. Sikuwahi kuguswa. Kila mara wakati wa kuondoka nilimuuliza lile swali aliloniuliza yeye jikoni kwake, "Mama, mpaka lini?" Na kila mara alinijibu bila kufikiri, akiendelea na ugoro wake.

"Mpaka mahindi ya mwakani."

Mwaka wa sita alikufa mwezi wa tatu. Yeyo ndiye aliyemfumba macho. Mimi nilifika kesho yake kwa lori, mahindi kando ya barabara yako magotini, na kikombe changu nilikikuta dirishani.